Tone Jekundu la Octave Kazadi

Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 2024, runinga ya Mama Berthe Kabedi ilipofunguliwa mezani katika karakana ya Kikula, walikuwapo marehemu mwenyewe, mkewe Hélène Mujinga, Mama Berthe mwenye runinga, na Damas Ilunga, mshirika wa kazi wa marehemu. Familia inaanzia hapo kwa sababu marehemu aliomba hivyo.

Octave Kazadi Mwamba alizaliwa Panda, hapa Likasi, tarehe 12 Machi 1961, akasoma kwa mapadre, akamaliza shule ya ufundi mwaka 1980, akawa fundi wa umeme kiwandani Shituru, na alipoacha kazi hiyo mwaka 2003 akafungua karakana ya runinga pamoja na Damas, aliyemsimamia siku alipomwoa Hélène, tarehe 6 Agosti 1988. Mungu aliwajalia Hervé na Tina, na baba wa ubatizo wa Tina ni Damas.

Octave alitengeneza, Damas alizipeleka runinga kwa wenyewe. Kila kipande kipya alichokichomelea, Octave alikidondoshea kwenye miguu tone la rangi nyekundu ya kucha ya Hélène, apate kuitambua kazi yake. Miaka ya mwisho runinga zilianza kurudi zimekufa, watu wakasema mzee anaweka vipande vichakavu, wakamwita mwizi, naye aliwajibu kwamba ni umeme unaopanda na kushuka, maana ndivyo alivyoambiwa na Damas, ambaye zilizorudi alizichukua azifungue yeye, ili mzee apumzishe macho.

Jumamosi hiyo Mama Berthe alikataa kumpa Damas ya kwake, akaitua mbele ya Octave. Haikuwaka hata taa ndogo ya mbele. Fyuzi ilikuwa imepasuka, nyeusi, akafunga balbu mahali pake, balbu ikawaka kwa nguvu zote, maana yake ndani umeme ulipita bila kizuizi, akachomoa waya, akamaliza umeme uliobaki katika kapasita kubwa, akapima diodi, akazikuta nzima, akafika kwenye transista ya pawa, nayo imekufa. Mwezi Agosti alikuwa ameweka mpya, Hélène akimshikia taa. Aligeuza ubao. Tone jekundu halikuwapo.

Damas alisema, "Mukubwa, ni courant njo iliiua."

Mama Berthe akauliza kama huo umeme wa siku hizi unapangusa hata vernis ya kucha.

Octave alimgeuzia Damas ubao. "Ile transista yenye miye niliweka, Damas, iko wapi?"

Damas alichukua kofia yake akatoka.

Octave hakumshtaki popote. Aliomba jambo moja tu, kwamba Damas apite kwa majirani, aseme kwa kinywa chake nani alikuwa akivitoa vipande vizima na kurudishia vibovu. Mwezi Desemba figo zilimlaza. Kila Jumapili alimtuma Tina kwa baba yake wa ubatizo, na kila mara Tina alirudi na ahadi kwamba atakuja, naye mgonjwa alivalishwa shati lililopigwa pasi, akaketi kitini akiuelekea mlango. Mwezi Januari Damas alituma mfuko wa sukari. Octave aliagiza urudishwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi wenzake wa Kikula, majirani waliolala nasi matangani, na hasa Mama Berthe, aliyepita nyumba kwa nyumba akieleza alichokiona. Marehemu alimshukuru yeye pia, ila alisema kinywa alichokingoja kilikuwa kingine.

Octave, mume, baba na ndugu yetu, lala sasa, jina lako ni safi.

Damas Ilunga amefika leo, ameketi karibu na mlango. Octave Kazadi Mwamba alifariki Jumanne.