Lebo Iliyoandikwa "Vilevile"

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, madaktari wenzangu, wafanyakazi wa maabara, nawe shemeji, mume wa mstaafu wetu, pamoja na watoto: habari za mchana. Nimepewa dakika tano. Nikipitiliza, mnivute koti.

Dada yetu huyu, ambaye humu ndani tunamwita Mama Barafu, ametunza vijidudu vya maabara hii kwa miaka ishirini na sita. Ndivyo tunavyopimia dawa za hospitali: ukividondoshea dawa, vikafa, hubaki duara tupu kwenye sahani; duara likifika kipimo, dawa ni nzima. Kila mwezi alichota vijidudu kwenye kichupa cha zamani, akavipanda kwenye kipya, na kwenye lebo akaandika neno moja tu: "Vilevile." Mimi, mkuu wake, ndiye niliyemfundisha hivyo.

Lakini ndugu zangu, kitu chenye uhai kikae kwenye friji miaka nenda rudi, kisibadilike? Baridi na njaa huchuja. Vinavyosalia vina vinasaba vilivyogeuka kidogo kidogo, na lebo haina habari.

Siku moja akanijia na rula mkononi, akasema maduara yanapanuka. Nikamcheka, nikamwambia akanunue miwani. Kumbe mwenzenu akaenda kweli, akanunua, na Jumatatu akaniletea namba zilezile. Hakuishia hapo. Alitoa kwenye friza kuu kichupa cha kwanza kabisa, ambacho hakijaguswa tangu kiletwe, akapanda vya kule na vya kwetu sahani kwa sahani. Vya friza vilikuwa sugu kama inavyotakiwa. Vyetu vya kila siku vilikuwa legelege, hata dawa iliyochoka inaviua. Maana yake tulikuwa tunapitisha dawa dhaifu, na saini ni yangu.

Niliogopa, sitaficha. Nikafunga mlango, nikamwambia mwandiko kwenye lebo ni wake, akisema atajiponza mwenyewe. Akavua glovu taratibu.

"Mkuu, kuna mtu anameza dawa hiyo sasa hivi."

Akaenda peke yake kwa Mkurugenzi wa wakati ule. Wiki hiyohiyo dawa zikarudishwa.

Na barua ya onyo, mnakumbuka alipewa nani? Yeye. Kwa barua ile akanyimwa cheo mara mbili, wanawe hawa wakamwona mama yao akirudi nyumbani amenyong'onyea, wala hakunitaja hata siku moja. Mkurugenzi huyo aliniuliza utaratibu wa lebo ni wa nani, nikanyamaza. Kisha nikaiandika barua ile kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeona haya kwa miaka tisa, na haya haizoeleki.

Asubuhi ya leo nimempa Mkurugenzi maelezo yangu kwa maandishi. Nimeomba barua ile itolewe kwenye faili la dada, iwekwe kwenye langu.

Shemeji, wanangu, mama yenu hakukosa. Dada, nisamehe.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi hapa. Makofi msinipigie mimi.