Bi. Wakonyo Nderi, Aliyeipa Kampuni Jina Mara Mbili

Na Saumu Jumaa, karani wa ofisi

Ijumaa, tarehe 31 Desemba 1999, Bi. Wakonyo Nderi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima ardhi, karibu minane kati yake akiwa mkuu wa kampuni yetu hapa Nyeri mjini.

Alianza mwaka 1968 serikalini, akichora ramani. Alipoanza kutumwa mashambani, watu wa Othaya walimkuta amesimama na vyombo vyake, kisha wakamuuliza mpimaji atafika saa ngapi. Alipima, akafunga vyombo, akaenda zake. Mwaka 1990 akapata leseni yake mwenyewe.

Machi 1992 aliacha kazi ya serikali ili afungue kampuni ya wapima ardhi pamoja na Bw. Gatimu, mwenye leseni kama yeye. Hapo akafanya kosa ambalo ni watu wa huku tu wangelifanya. Kwao, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa mume. Kampuni aliiona kama kifungua mimba wake, basi akaiandikisha kwa jina la baba mkwe wake, mkulima wa viazi kule Endarasha: Kingori na Wenzake. Mzee alifurahi hadi akachinja mbuzi na kualika majirani.

Wiki tatu baadaye bodi inayosimamia leseni za wapima ardhi ikarudisha fomu. Ilitaka nambari ya leseni ya huyo Kingori, kwani kampuni ya wataalamu haibebi jina la mtu asiye na leseni. Bi. Wakonyo alikuwa ameshaacha mshahara, na bila cheti cha bodi kampuni yake isingepima hata kiwanja kimoja. Bw. Gatimu alimshauri wabadilishe jina kimyakimya. Alikataa katakata. Alipanda Endarasha peke yake, na mkate na kilo mbili za sukari, kwenda kumwambia mzee ana kwa ana kwamba anamnyang'anya heshima aliyompa. Ametuambia mara nyingi kwamba hajawahi kuogopa namna ile.

Mzee Kingori alimaliza chai yake kwanza. Kisha akasema, “Andika yako, mama. Mimi ata kitanda siwezi pima.”

Cheti kilitoka Juni kwa jina la Nderi na Gatimu, na kazi ikamiminika kutoka Sagana hadi Kieni. Kuna ndugu wawili wa Othaya waliogombania mpaka wa mashamba yao kwa miaka saba. Bi. Wakonyo aliumaliza ugomvi huo kabla ya saa saba, akala chakula cha mchana kwa wote wawili ili asilaumiwe, na akalala garini njia nzima ya kurudi. Alikoroma, nami ni shahidi.

Mwezi jana alitukusanya akatuambia kwamba hataifanya upya leseni yake, kwa hiyo jina lake litoke. Tulimsihi. Mimi nililia, sioni haya kusema. Hakubadili neno, nasi tukaandikisha kampuni upya: Gatimu na Rehana. Rehana aliingia hapa mwaka 1993 kubeba vyombo, akasomeshwa kazi na Bi. Wakonyo, na Agosti mwaka huu akapata leseni.

Asante, Bi. Wakonyo. Tunakuombea afya na raha tele katika maisha yako mapya. Jina lako umelitoa kwa mkono wako mwenyewe, na aliyechukua nafasi yake ni mtu uliyemfundisha wewe.