Marehemu Impi Kokkarinen na Mbetula ya Oiva

Tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 18 Mei 2019, hapa kwenye makaburi ya kanisa la Juva, ni Impi Elviira Kokkarinen. Alizaliwa tarehe 14 Februari 1936 saunani, kwenye kibanda cha kuogea kwa mvuke, kwa wazazi wake, Kalle na Hilda Pulkkinen, akiwa mtoto wa tano kati ya saba. Mama yao alisimulia kwamba Impi alipotoa kilio cha kwanza, mbwa wa ng'ambo ya ziwa waliitikia. Ziwa lile ni pana, lakini Hilda hakuwa mtu wa kubishiwa.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1943 hadi 1949. Ilikuwa miaka ya vita na ya shida iliyofuata. Viatu vya baridi vilikuwa jozi moja kwa watoto wawili, kwa hiyo Impi na mdogo wake Tahvo walikwenda shule kwa zamu. Impi alishikilia maisha yake yote kwamba siku za hesabu zilimwangukia Tahvo na siku za kuimba zikamwangukia yeye, na ndiyo sababu Tahvo alipata pesa na yeye akapata sauti. Tahvo, aliyeketi hapo mbele, anasema hizo pesa bado anazisubiri.

Baada ya shule alikamua ng'ombe kwa watu, kisha mwaka 1963 akaajiriwa jikoni kwenye shule ileile ya kijiji. Alipika hapo hadi alipostaafu mwaka 1996. Nusu ya mliokusanyika hapa mmekua kwa supu yake ya njegere ya Alhamisi. Ilikuwa nzito. Yeye mwenyewe alisema mkaguzi mmoja aliwahi kusimamisha mwiko ndani yake, akaenda kula mkate, akarudi akaukuta umesimama vilevile, na juu yake ametua ndege.

Tarehe 7 Juni 1958 alifunga ndoa na Oiva Kokkarinen, mpasua mbao wa kiwandani. Siku ya harusi Oiva hakuwa na zawadi. Alimwahidi mkewe kitu kizuri "mambo yakikaa sawa." Mambo yalichukua miaka ishirini na moja kukaa sawa. Katikati hapo, mwaka 1961, alizaliwa binti yao wa pekee, Marjukka. Ndipo mwaka 1979, wakati wa majani kuanguka, Oiva akarudi nyumbani kwa baiskeli, na mche umefungwa mgongoni mwake kama mtoto mchanga.

"Hiyo fimbo ni ya kumpigia nani?" Impi aliuliza.

"Zawadi yako ya harusi, mke wangu."

"Mbetula? Oiva, tumezungukwa na mbetula mpaka chooni!"

"Si kama hii. Subiri uone jani lake."

Impi alisubiri, na mwaka uliofuata akaliona. Jani la mbetula ya kawaida, ule mti wa gome jeupe uliojaa misituni kwetu, ni zima, lina meno madogo tu pembeni. La mti huu lilichanika mpaka ndani, kama limepita mkononi mwa fundi cherehani, na matawi yake yalining'inia. Ulikuwa umepandikizwa juu ya mguu wa mbetula ya kawaida, na pale pa kiungo palivimba kidogo. Oiva alipaita goti. Alimfundisha mkewe kwamba chochote kinachochipua chini ya goti king'olewe mapema, maana hiyo ni mbetula ya porini, itakula chakula chote na kuua ile nzuri. Alimfundisha pia kumwagilia maji mengi kiangazi kikiwa kikavu, kwa kuwa mizizi ya mti huu iko juujuu, na kutochimba chini yake. Na zaidi ya yote, kutoukata mwanzo wa mwaka, wakati maji yanapopanda ndani ya shina, kwa sababu utatoka maji kama jeraha linavyotoka damu. Ukitaka kupogoa, subiri Agosti. Mtu aliyepasua mbetula wiki nzima kwa mshahara alishinda Jumapili nzima akiubembeleza mmoja.

Oiva alifariki ghafla kwa moyo tarehe 3 Machi 1981. Tangu hapo Impi alikuwa akitoka asubuhi na kikombe cha kahawa, anasimama karibu na ule mti, anaueleza habari za kijiji. Nyingine zilikuwa za kweli.

Mwaka 1984, mkesha wa Sikukuu ya Juhani, ile ya katikati ya kiangazi, Marjukka alimleta nyumbani mchumba wake kutoka Helsinki, Reijo Lampila, fundi wa lifti. Nyumba zote zilikuwa zinasimamisha mbetula changa mbili mlangoni, kama ilivyo desturi. Impi akampa Reijo msumeno na kumwonyesha kichaka cha nyuma ya sauna. Reijo akaenda, akakata mti mmoja. Alipokuwa anarudi akauona uani mti mmoja peke yake, mrefu kumzidi kidogo, mzuri kuliko yote. Akaona wenyeji wake wanastahili kilicho bora.

Impi alipotoka jikoni, mti wa Oiva ulikuwa umesimama mlangoni ndani ya ndoo ya maji.

"Nimekuchagulia ule mzuri, mama," Reijo alisema, jasho linamtiririka.

Marjukka alishika kichwa. "Reijo! Huo ni wa baba!"

Tahvo, aliyekuwa amekaa ngazini, akasema, "Muacheni na msumeno wake. Akimaliza hapo ahamie kwenye sauna."

Impi alilishika jani moja, akaligeuza. "Una jicho, kijana," alisema. "Juva nzima imejaa mbetula, na wewe umeuona huohuo mmoja."

"Nitanunua mwingine, mama. Hata kumi!"

"Nunua. Na ukipata duka linalouza akina Oiva, niletee na Oiva mmoja."

Hakuna aliyecheka, hata Tahvo. Impi akatembea hadi kwenye kisiki, akapiga magoti, akapapasa kwa vidole. Reijo alikuwa amekata juu ya kiungo, kwa upana wa kiganja tu. Impi akainuka akijipangusa.

"Umebahatika, goti lipo. Sasa sikiliza. Binti yangu humwoi mpaka nione jani lililochanika hapa juu ya goti."

"Mama, hayo si ya kufanyia masharti!" Marjukka alilia.

"Mimi sijaweka sharti. Kaliweka yeye na msumeno."

Basi kiangazi chote Reijo alikuja kila wiki kwa treni na basi. Chini ya goti machipukizi yalitoka kwa fujo, juu likatoka moja tu, dogo kama punje ya ngano. Reijo alikuwa akilala kifudifudi kwenye nyasi kung'oa ya chini, na Impi amesimama juu yake: "Sio hilo! Ukiling'oa hilo utazeeka bila mke!" Baridi ilipokaribia walilizungushia wavu, kwa sababu ya sungura. Impi alisema sungura mmoja alikuja na mke na watoto, akausoma ule wavu, akaondoka akitukana kwa Kiswidi.

Mei 1985 chipukizi lilifungua majani ya ukubwa wa sikio la panya. Kwa ukubwa huo huwezi kujua jani ni la aina gani. Walingoja. Wiki ya kwanza ya Juni Impi alipiga simu Helsinki, akasema neno moja: "Limechanika." Harusi ilifanyika tarehe 22 Juni, siku ya Juhani, na mbetula mbili za mlangoni Impi alizikata mwenyewe.

Tangu vuli ya 2017 moyo wake ulidhoofika. Alihudumiwa nyumbani na Marjukka na Reijo, kitanda chake kikiwa karibu na dirisha la jikoni. Mwezi uliopita tawi moja la ile mbetula lilikuwa linakwaruza kioo, na muuguzi akashauri likatwe ili apate usingizi. "Agosti," Impi alijibu. Alifariki kwa utulivu tarehe 27 Aprili 2019, akiwa na miaka 83, tawi likiwa bado linakwaruza.

Ameacha mdogo wake Tahvo, binti yake Marjukka, mkwewe Reijo, mjukuu wake Aliisa na kitukuu mmoja, Onni.

Juzi Aliisa alitaka kulifunika jeneza kwa matawi ya mti wa bibi yake, maana majani yamefikia sikio la panya. Akachukua msumeno. Reijo akaupokea mkononi mwake, akaurudisha ghalani. "Hii bado ni Mei," alisema. "Bibi yako atafungua jeneza." Ndiyo maana leo mnaona juu yake matawi ya misonobari peke yake.

Lala salama, Impi, karibu na Oiva wako. Tawi lako Reijo atakuletea hapa Agosti.