Waliomo Ndani ya Supu

Sogeeni, wanangu. Samsam, kaa hapa kichwani pangu. Shariff, Farah, acheni mlango wazi, nataka Alamin asikie huko barazani alikokaa, sina neno la kumficha.

Mnajua niliosha chupa miaka mingi katika maabara ya mifugo, njia ya Dundori. Siku moja Hiram, aliyekuwa akipima damu ya ng'ombe, akaniita nichungulie kwenye hadubini. Nikaona tone la maji lina vidudu, kila mmoja chembe moja tu ya uhai, hawana jicho wala pua, wanazurura. Akaingiza mrija wa kioo mwembamba kama unywele, wenye supu ya nyama, wote wakageuka, wakasongamana mlangoni pake.

Nikasema, "Hawa wamenusa harusi."

Hiram akacheka, akatia supu ile ile katika tone zima, basi wakatawanyika, mrija wakaupita kama hawaujui. "Wamo ndani ya supu, Mama Samsam, ndiyo maana hawaisikii. Wanajua kuzidi na kupungua tu. Ikiwa sawa kila mahali, wanazoea."

Nikawaita wajinga. Kumbe nilikuwa namcheka nani?

Alamin ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemnyonyesha pamoja na Samsam. Alianza kuniletea kuni, kisha maziwa, kisha akanibeba mgongoni hadi hospitali, kila mara akizidisha kidogo, nami nikimfuata; na wema wake ulipojaa nyumba nzima, nikaacha kuuonja. Ndipo akaleta karatasi. "Mama, tia dole, ni ya bomba la maji." Nikatia. Hilo bomba mnaliona? Samsam aliporudi na wanawe kutoka Molo, nikamwambia chumba cha nyuma ni chako, Alamin akanijibu mbele ya wajukuu, "Nyumba si yako, Mama. Ulishanipa kwa dole lako."

Basi sina nyumba ya kuwaachia. Shariff, dada yako na wanawe walale kwako. Na mtu akiwatendea wema, kaeni mbali naye kidogo, ulimi usahau, kisha rudini muonje upya, kabla hamjatia dole popote.

Kaburini mtashuka nyinyi wanangu wawili, Shariff na Farah, kunipokea. Alamin asinishike. Atupe mchanga wake kutoka juu, kama jirani.

Nipeni maji... Haya yana sukari. Ameleta yeye? Mrudishieni kikombe chake, taratibu, msimtukane. Nataka yale ya mtungi.

Mungu awape ulimi usiozoea, wanangu... awape... Samsam, mkono wako uko wapi?