Mwinjilisti Fabien Etungano, aliyehubiri hukumu mpaka mlangoni petu

Mbele ya Mungu na mbele yenu mliofika hapa Baraka leo, tarehe 11 Aprili 2003, mimi Ketsia, binti yake, ninasoma maisha ya baba yetu. Wazee wa kanisa waliniomba niyafupishe. Nimeyafupisha, lakini sikuondoa kitu.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1939 karibu na Mboko, mtoto wa tatu wa mvuvi Wilondja na mama Félicité. Alisoma shule ya msingi ya misheni miaka sita, kisha shule ya Biblia miaka miwili, akatoka mwaka 1961 akiwa mwinjilisti. Alihubiri kwa miguu mpaka Kilembwe, na shamba la muhogo ndilo lililomlisha.

Tarehe 12 Januari 1963 alifunga ndoa na mama yetu, Marthe, wakajaliwa watoto watano. Nabii aliyempenda ni Amosi. Alimsoma mpaka karatasi zikakatika, mama akazibandika kwa uji wa muhogo. Panya akaufuata uji, akala na kitabu cha Obadia kinachofuata, chote, maana ni ukurasa mmoja tu. Baba alicheka, akasema panya huyo ameliokoa taifa la Edomu na hukumu.

Vita vilipoingia Agosti 1998, vijana wa kijiji walianza kumtafuta Alphonse, muuguzi wa dispensari yetu, wamuue kama adui, kwa sababu alizaliwa milimani na lugha yake ilikuwa nyingine. Ndiye aliyewatibu surua walipokuwa wadogo. Baba na mama walimficha siku nane katika chumba cha muhogo mkavu, mpaka mvuvi Saleh akakubali kumvusha ziwa. Alifika Kigoma salama.

Habari hiyo ilijulikana. Jumapili, tarehe 13 Septemba, baba alipanda mimbarani akasoma jinsi Amosi alivyotangaza hukumu juu ya Dameski, Gaza na Tiro. Kwa kila taifa kanisa liliitikia amina, na wengine wakaongeza mataifa ya leo. Ndipo akafunga Biblia.

"Amosi hakuishia kwa majirani, alifika mpaka kwa batu yake, Israeli," alisema. "Sisi tunakesha tuone adui akitokea mu barabara, na mikono yetu wenyewe hatuiangalie. Mungu akihukumu mataifa, na yetu iko mu liste."

Hakuna aliyeitikia. Siku tatu baadaye baraza la kanisa lilimkataza kuhubiri, likisema anawatabiria watu wake mabaya wakati wa vita.

Tarehe 19 Novemba askari waliingia kijijini. Walichoma nyumba, wakaua watu thelathini na wawili, kati yao mama yetu Marthe na dada yetu Espérance, aliyekuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa shambani. Aliwazika kwa mikono yake. Na baadhi yenu mlimwambia, pale pale kaburini, kwamba maneno yake ndiyo yaliyowaita askari. Tulikimbilia Kilembwe. Alilima huko zaidi ya miaka mitatu, na kila Jumapili alikaa kwenye benchi la nyuma kabisa.

Tulihamia Baraka mwaka 2002. Mwezi wa Oktoba alipatwa na kiharusi. Mkono wa kuume ukafa, ulimi ukawa mzito. Januari mwaka huu wazee wawili wa baraza walileta barua yenye muhuri, ya kumrudishia huduma yake. Nilimsomea. Akasema taratibu:

"Barua hii, mwende mumusomee Marthe."

Alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 9 Aprili, saa nne asubuhi, dada yetu Pulchérie akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wanne: Lionel, Pulchérie, Constance na mimi, wajukuu tisa, na dada yake mkubwa, mama Albertine, ambaye hajaweza kula tangu juzi. Wazee wa baraza wameomba kubeba jeneza. Tumewakubalia.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi hatukumpa.