Magari Makubwa ya Mtaa wa Mwabulenga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mtendaji, ambaye leo nimemwona bila mafaili nikadhani ni mdogo wake. Viongozi wa dini, mliofika kwa wakati na bila shaka mmeshajuta. Wanachama wa Kikundi cha Tupishane. Madereva wa bodaboda, mlioegesha pale pale tulipoandika msiegeshe. Ndugu wageni waalikwa, nanyi mliojialika baada ya kusikia harufu ya pilau: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Wa umri wangu tutaangaliana tu. Kwa Wasukuma wenzangu, mwangaluka. Najua sasa ni saa nane na nusu mchana, lakini salamu hii ya asubuhi niliiandaa kwa saa tatu kama kadi inavyosema, na mimi si mtu wa kutupa vitu.

Karibuni sana. Jisikieni mko nyumbani, na kwa nini nasema hivyo mtaelewa mbele ya safari.

Jina langu ni Masalu Shigela, mwenyekiti wa Tupishane, kikundi cha mazingira na usalama barabarani cha Mtaa wa Mwabulenga, hapa hapa Buhongwa. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne nililisoma mara mbili, kwa hiyo kwa hesabu zangu ni la tano. Katibu wetu, Mwalimu Luhende, aliyesomea ualimu Butimba na hajawahi kutuacha tusahau, ameniandikia hotuba ya kurasa sita, akaniwekea na alama za mahali pa kupumua. Nitapumua kote alikoweka alama. Maneno nitatia ya kwangu.

Leo tuna mambo mawili. Tunafungua kalavati hili, mtaro wake na kivuko cha pundamilia mnachokiona pale kikiwa bado cheupe. Na tunamuaga Afisa Mipango Miji wetu, Bi Kokushubira Rwehumbiza, aliyehamishiwa kwao Bukoba, ambako nasikia barabarani hakuna ng'ombe, kuna mikungu ya ndizi tu ikitembea kwenye baiskeli. Mwaka mmoja na nusu amefanya kazi nasi, na hakutukumbusha hata siku moja kwamba amesoma. Kwa Mhaya, ndugu zangu, hiyo ni kujinyima kukubwa.

Ninyi mlioshuka kwenye magari yenu mkavuka kwa raha, mnajua tulikotoka? Kila mvua ikinyesha, maji ya mlimani kote yalikuja hapa kukutana na bomba jembamba, na bomba lenyewe limejaa chupa. Yakishindwa kupita chini yalipita juu, kisha yakaingia majumbani, kisha yakaenda ziwani na kila yalichokikuta. Mwaka juzi yalimchukua Mama Tereza, huyu muuza chakula wa pale kona, pamoja na sufuria ya maharage. Tereza tulimnasa kwenye senyenge. Sufuria haikuonekana tena. Na mvua ikikata, madereva wakaona barabara imekauka, wakapita kwa kasi ya kwenda kuzima moto. Mama mwenye mtoto mgongoni alisimama pale robo saa akitafuta upenyo wa kuvuka kwenda sokoni, halafu akarudi nyumbani, akala alichokuwa nacho.

Tuliandika barua. Tuliandika saba. Zote zilijibiwa kwamba zimepokelewa na zinafanyiwa kazi, na mimi nikazihurumia, maana kazi ya muda mrefu hivyo inachosha hata karatasi.

Ndipo akaja huyu binti tunayemuaga leo. Alifika kwa miguu, viatu mkononi, tope hadi magotini, akasema, "Shikamoo babu. Malalamiko ninayo faili zima. Nileteeni takwimu." Akatuachia fomu. Siku saba, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, tuhesabu kila kinachopita: waenda kwa miguu, baiskeli, pikipiki, bajaji, magari madogo, magari makubwa. Nyumba yangu iko kwenye kona, baraza inatazama barabara. Kazi ikaniangukia mimi.

Siku ya kwanza, hata chai haijapoa, wakapita ng'ombe. Nikatazama fomu. Hakuna safu ya ng'ombe. Nawauliza wenzangu, Msukuma atakaa barazani, ng'ombe wapite mbele yake, asiwahesabu? Nilishindwa. Nikamwita katibu.

"Mwalimu, ng'ombe kitaalamu ni nini?"

"Ana magurudumu?"

"Hana."

"Basi si chombo cha moto."

"Anazidi bodaboda kwa uzito, akisimama barabarani foleni inafika Shinyanga, na hampishi mtu."

Mwalimu akavua miwani, akafikiri kama msomi. "Hapo kwenye kutopisha," akasema, "andika magari makubwa."

Nikaandika. Mia moja na arobaini asubuhi wakienda, mia moja na arobaini jioni wakirudi. Na kwa kuwa leo nimesimama mbele ya viongozi wa dini, naongeza kwamba ng'ombe wangu kumi na mmoja wiki ile walikunywa maji na adhuhuri pia. Sijawahi kuwaona na kiu namna ile.

Mwisho wa wiki, mtaa wetu ulikuwa na magari makubwa elfu mbili na thelathini na saba. Waenda kwa miguu walionekana wachache. Hatukuwa na nafasi ya kuwahesabu sana, tulikuwa na kazi ya ng'ombe.

Takwimu zikapanda ngazi, na kule juu zilipendwa. Baada ya miezi miwili ikaja ramani: barabara pana, na maegesho ya malori pale bondeni, kwenye matete ambako maji hutulia kidogo kabla ya kuingia ziwani. Wakaja na vijana wawili wenye ndoo ya rangi nyekundu. Nyumba kumi na nne zikapigwa alama ya X. Ya kwangu waliipiga mlangoni, kubwa, kwa moyo wote. Ya Tereza, mjane mwenye vyumba viwili na jiko la nje, waliipiga ukuta mzima.

Tereza akaja kwangu. Hakulia, na hilo lilinisumbua kuliko kulia. Akasema, "Mwenyekiti, wewe unajua kuongea na hawa watu. Niokolee hivi vyumba. Sina pengine." Ningemjibu nini? Kwamba anabomolewa ili magari makubwa yapate pa kulala, na magari yenyewe mengine yalikuwa yakinitazama kutoka zizini?

Tukafanya kinachofanywa na kikundi chochote makini. Tukaandika barua ya nane, kali, tukihoji ni mjinga gani aliyehesabu malori hayo. Mwalimu Luhende alisita kidogo kwenye neno mjinga, halafu akaliandika kwa mwandiko mzuri.

Barua hiyo ilijibiwa siku ya tatu. Alikuja Kokushubira mwenyewe, saa kumi na mbili kasoro, akaketi barazani kwangu na fomu mpya mapajani.

"Shikamoo babu. Nimekuja kuyaona malori."

"Marahaba mama. Subiri, yatapita."

Wakapita ng'ombe. Akawapisha kwa macho, akaendelea kungoja. Kufika saa nne alikuwa ameona lori moja, na dereva wake alikuwa anauliza njia ya kwenda Kisesa. Akafungua karatasi zangu.

"Babu, hapa kila asubuhi yanapita mia moja na arobaini. Yanakwenda wapi?"

Mwalimu Luhende, aliyeketi pembeni yangu, akanikanyaga mguu. Nilijua maana yake. Ningesema migodini, ningesema mnadani, na heshima ya kikundi ingebaki. Lakini kutoka pale nilipokaa nilikuwa nauona ukuta wa Tereza.

"Machungani," nikasema.

Akatazama karatasi, akatazama kinyesi barabarani.

"Na haya kumi na moja ya adhuhuri?"

"Hayo ni ya kwangu."

"Yote yanarudi?"

"Yanarudi, mama. Moja lina mimba."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pale afisa mwingine angelifunga faili, akaondoka, akatuacha na mafuriko yetu na akili zetu. Yeye alicheka mpaka akajifuta macho kwa fomu. Kisha akasimama, akauliza swali ambalo katika barua nane hatukuwahi kuulizwa: "Haya. Maji yanapita wapi?"

Watu walishakusanyika. Kila mmoja akanyoosha mkono, na kila mkono ukaelekea kwa jirani. Ndivyo tulivyo hapa Mwabulenga. Maji hayajawahi kupita kwa mtu, hupita kwa jirani yake. Mtu mmoja tu hakunyoosha mkono. Ni mke wangu Paskazia, yule pale mwenye kitenge cha bluu. Alimshika binti mkono, akamwingiza ndani mwangu, akaondoa kalenda ukutani.

Niseme ukweli kuhusu kalenda ile. Ilitundikwa chini kuliko kalenda zote za Buhongwa. Mgeni akitaka kujua tarehe alichuchumaa. Nyuma yake kulikuwa na mstari wa tope, na chini yake mwingine, na mwingine, wa kila masika tangu mwaka tisini na nne, nilipojenga katikati ya mkondo kwa sababu kiwanja nilikinunua kiangazi.

Paskazia akasema, "Miaka thelathini namwambia huyu bwana maji yanapita hapa. Ananiambia ni jasho la ukuta."

Wapitao wakahesabiwa upya, safari hii na Kokushubira na Mwalimu, mimi nikanyimwa kalamu. Waenda kwa miguu waliovuka walizidi mia sita kwa siku, na hao peke yao, bila msaada wa ng'ombe yeyote, wakatupatia pundamilia. Maegesho ya malori yakafutwa, matete yakabaki. Alama kumi na tatu zikapakwa chokaa, ya Tereza ikiwa ya kwanza. Moja ikabaki, maana kalavati lazima lipite maji yanapopita.

Sebule na chumba cha mbele nilivibomoa mwenyewe, kwa nyundo yangu, Jumamosi moja hadi saa saba. Sikutaka kusaidiwa, ingawa walioleta viti kuangalia walikuwa wengi. Tereza alileta maharage, katika sufuria mpya. Mlango wenye X niliuhamishia chooni, na hadi leo hakuna anayekaa mle muda mrefu.

Mwezi uliopita mvua ilinyesha siku mbili. Maji yakapita chini, kimya, kama mtu mwenye adabu. Kwenye wavu wa mdomo wa kalavati, ambao tunausafisha kila Jumamosi ili takataka zisifike ziwani, tulikuta chupa, pampasi, ndala moja, na picha za kampeni za wagombea wote bila upendeleo. Mheshimiwa Diwani, yako tumeianika.

Binti yangu Kokushubira, nilitaka kukupa ndama, ukakataa kwa maandishi, nakala kwa Mtendaji. Basi chukua kalenda hii. Itundike juu, ofisini kwako, ukikumbuka nyumba kumi na tatu zilizobaki. Nasi tutabaki na fomu uliyotuachia, ambayo mwisho wa mstari, kwa mwandiko wako, umeongeza safu ya ng'ombe.

Naishia hapo ili tuwahi kula, maana saa kumi na moja na nusu magari yangu makubwa yanarudi, na nawaomba madereva wa viongozi wayapishe kwenye pundamilia.

Ila niliwaahidi maelezo. Turubai hili limefungwa penye sebule yangu. Mgeni Rasmi, ulipokaa wewe palikuwa na kabati la vyombo. Diwani yuko mlangoni. Mimi nimesimama palipokuwa na kiti changu, na miaka thelathini nimezungumza hapa kila jioni. Leo ndiyo mara ya kwanza watu wa humu ndani wamenyamaza wakanisikiliza mpaka mwisho, Paskazia akiwemo. Asanteni sana.