Barafu Nyuma ya Joto

Jumanne asubuhi, tarehe 14 Januari 2020, marehemu Ludmila Hrovat alifungua dirisha la chumba chake, ingawa alikatazwa baridi, akamwambia mumewe Raymond, aliyekuwa akiyeyusha barafu ya kioo cha gari kwa hita, "Ray, maji hayo yatateremka yagande kwenye waipa za kufutia kioo, usije ukasema hukuambiwa." Raymond akajibu, "Sawa, mama injinia," kisha akapata habari kwamba shule anakofundisha imefungwa kwa baridi, akazima gari, akaingia ndani wakanywa kahawa.

Marehemu, ambaye waliomzoea walimwita Milka, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 mjini Euclid, Ohio, akasoma shule ya parokia, akahitimu uhandisi mwaka 1980, na tarehe 1 Juni 1981 akaajiriwa Cleveland kupima kama hesabu za kompyuta kuhusu joto linalozuia barafu kwenye mabawa ya ndege zinasema kweli. Kila mara, kabla upepo wa baridi haujawashwa katika handaki la majaribio, bomba kubwa linalopulizia bawa upepo na matone ya maji, aliandika jibu la kompyuta kwa wino, akalifunga ndani ya bahasha, mtu asije akalibadilisha baadaye.

Alifunga ndoa na Raymond tarehe 18 Oktoba 1986, wakajaliwa binti, Vida, mwaka 1989.

Februari 1997 bahasha ilisema bawa litabaki safi, lakini maji yaliyoyeyuka yalirudi nyuma, yakaganda pale joto lilipoishia, unene wa kidole. Mkuu wake akasema, "Milka, rekebisha namba kidogo zikubaliane, twende nyumbani." Akajibu, "Huko si kukubaliana, bosi, ni kumwonyesha mtoto majibu halafu kumsifu amefaulu." Hakutia saini ripoti, akahamishiwa chumba cha majalada miaka minne, hadi hesabu ile ilipoandikwa upya. Hakuomba radhi, na familia haiombi kwa niaba yake.

Tarehe 3 Mei 2019 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akapewa miezi mitatu, akauliza hesabu hiyo ilijaribiwa kwa nani, akaishi minane. Alifariki nyumbani siku ile ile ya Jumanne, saa kumi jioni.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, na wafanyakazi wenzake waliozileta bahasha zake zote.

Asubuhi iliyofuata Raymond alitoka na rula, akakuta barafu imeganda juu ya waipa, milimita sita, akaiandika kwa wino katika daftari la mkewe, na kando yake neno la hesabu iliyothibitishwa na jaribio, ambalo mkewe hakuwahi kulitoa bure: imekubali.

Pumzika kwa amani, Milka. Hakuna namba ya kurekebisha.